Mama anataka kuuona mkarafuu: tukodi gari na dereva Unguja, au tupande daladala?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha mjini Moshi na kwetu ni Kibosho. Nimesoma majibu yako kwa wenzangu kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani kwamba siku nikikuandikia itakuwa kwa ajili ya gari.

Mama yetu ana miaka 74. Baba alifariki mdogo wetu akiwa darasa la pili, na mama akatusomesha watoto watatu kwa kahawa na ndizi. Safari ndefu alizowahi kwenda ni Dar es Salaam mara mbili, zote kwa kuuguza. Krismasi iliyopita tulikuwa wote nyumbani, kama ilivyo kawaida yetu. Jioni moja mjukuu mmoja akamuuliza, "Bibi, ukipewa nauli utaenda wapi?" Sote tulidhani atasema Yerusalemu. Akasema Zanzibar. Tukamuuliza kuna nini Zanzibar, akasema anataka kuuona mkarafuu. Tangu awe msichana anatia karafuu kwenye chai, na yeye ni mkulima, lakini mpaka leo hajui mti wenyewe unafananaje. Alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba msamaha.

Basi tukaamua. Tutakwenda likizo ya Juni: mama, mimi, mdogo wangu wa kike anayeishi Arusha, na wanangu wawili wa miaka 9 na 13. Kaka yetu yuko Dar, hatakwenda, lakini atalipa nusu ya gharama. Tutakaa Unguja siku nne kamili.

Ugomvi umeanzia kwenye gari. Kaka amepewa na rafiki yake namba ya dereva mmoja wa Unguja. Dereva anataka shilingi 200,000 kwa siku, kwa siku zote nne, na anataka 800,000 yote itumwe kwa simu kabla hatujaondoka, "ili gari lisichukuliwe na wageni wengine". Ametuma na programu. Siku ya kwanza tu ina Mji Mkongwe, kisiwa cha Changuu, shamba la viungo, msitu wa Jozani, Kizimkazi, Paje, halafu machweo Nungwi. Kaka anasema kijana anaonekana mchapakazi, tutume hela tumalize.

Mdogo wangu anasema gari la peke yetu ni anasa. Mama amepanda daladala la Kibosho maisha yake yote, leo Zanzibar ndiyo ashindwe? Anasema hela hiyo apewe mama mkononi.

Mimi nimekaa katikati na nina hofu yangu. Mwaka juzi tulikwenda Unguja walimu sita. Tulikodi gari na dereva, tukapatana kwa mdomo. Akatupeleka duka la vinyago, kisha duka la viungo, kisha duka la vitambaa, kila mahali anasema "dakika kumi tu". Nungwi tulifika giza limeingia, watu wanakunja viti. Kurudi akatuambia mafuta hayakuwa kwenye bei, na usiku una bei yake. Tulilipa, kwa sababu tulikuwa kilomita sitini kutoka kwenye mikoba yetu. Nikifikiria mama anashushwa na kupandishwa kwenye maduka, na goti lake la kulia linalomuuma, silali.

Juzi mama alitusikia tukibishana kwenye simu. Akasema, "Kama ni shida, acheni. Nitaiona kwenye televisheni. Hata paa la jikoni linavuja." Akaenda zake migombani. Shangazi, nilitamani kulia.

Tukodi au tusikodi? Tukikodi, nipatane vipi na huyu dereva? Na nimwambie nini kaka asione namdharau?

Mwalimu, Kibosho

*

Mwalimu, marahaba.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi hapa Arusha kwenye meza ya kupanga magari ya wageni. Wengi wao wakitoka Ngorongoro walitaka kumalizia Unguja, kwa hiyo kuzungumza na madereva wa huko kwa simu kulikuwa kazi yangu ya kila siku. Swali lako nalijua kwa ndani, na sina haja ya kuzunguka. Kodini gari. Likodini siku mbili, si nne. Na hela yote msiitume.

Tuanze na hiyo programu, maana ndiyo iliyonishtua kuliko bei. Unguja si kisiwa kikubwa. Urefu wake ni kama kilomita 85, yaani Moshi mpaka Arusha na kidogo juu. Kutoka Mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, ni kama kilomita 60. Ni kama uondoke Moshi ufike Usa River. Jozani iko kilomita 35 hivi upande wa kusini mashariki, kama kwenda Marangu. Kizimkazi iko mwisho kabisa wa kusini. Sasa rudi uisome siku ya kwanza ya huyo kijana. Asubuhi mvuke kwa boti kwenda Changuu na kurudi, muingie shambani, mshuke mpaka ncha ya kusini, mkate kwenda mashariki, kisha mpande kisiwa kizima mpaka ncha ya kaskazini kabla jua halijazama. Inawezekana, kama hamtashuka garini. Mama atayasikia majina yote saba na mkarafuu ataupita dirishani.

Sisemi kijana ni mwizi. Madereva huandika hivyo kwa sababu wateja wanapenda orodha ndefu, na anayeandika sehemu tatu anaonekana mvivu mbele ya aliyeandika saba. Lakini ukinunua orodha, dereva kazi yake inakuwa kuimaliza. Mwalimu, wewe nunua siku. Gari na dereva ni vyenu kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na ndani ya muda huo mama akitaka kukaa chini ya mti mmoja saa nzima, anakaa. Hilo ndilo daladala haliwezi kukupa, na ndiyo sababu pekee ya kulipa hela zaidi.

Kwa hiyo mdogo wako ana haki nusu. Daladala za Unguja zinafika Nungwi, Jambiani, hata Makunduchi, na kwa kijana mwenye begi moja mgongoni ningemwambia apande bila kufikiri mara mbili. Ila zinapita barabara kuu, hazimsubiri mtu, na mashamba ya viungo yako ndani ndani. Goti la miaka 74 halipaswi kusimama juani kusubiri gari la kurudi. Hapo amekosea. Alipopatia, labda bila yeye kujua, ni kwamba siku zenu mbili za Mjini hazihitaji gari hata kidogo. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari. Mkilipia dereva siku hizo, mtakuwa mnamlipa alale kivulini Forodhani. Hata kutoka bandarini mnaposhuka, Mji Mkongwe uko pale pale, mtaa wa Malindi. Mizigo ataisukuma hamali kwa mkokoteni, na mama akichoka kuna teksi. Papasi watawafuata wakitaka kuwapangia kila kitu. Waambieni kwa heshima kwamba mna mwenyeji, mwendelee kutembea.

Siku mbili zikitoka, laki nne zimebaki mezani. Nitazirudia.

Sasa yale maduka ya mwaka juzi. Pole sana, na naomba uelewe yanavyotokea, maana ukielewa utayazuia bila kugombana na mtu. Mara nyingi gari si la dereva. Kuna bosi anayesubiri hesabu jioni, kama ilivyo kwa bajaji na Noah zetu huku. Mkimkaba dereva bei mpaka chini, hesabu ya bosi haipungui. Kinachopungua ni cha kwake yeye. Anakifidia wapi? Dukani, anakopewa kamisheni kwa kila mgeni anayenunua, na kwenye mgahawa aliokuchagulia yeye. Nimewaona madereva wazuri sana wakifanya hivyo hapa hapa Arusha, watu wa dini, wenye watoto shuleni. Kwa hiyo usibanane naye kwenye elfu ishirini. Mpigie, mwulize bila kuficha: "Kaka, gari ni lako au lina mwenyewe? Kwa bei hii wewe unabaki na kitu?" Halafu mwambie kwamba hamtaki maduka, na kwa sababu hiyo hamtampunguzia. Dereva mwenye akili ataelewa mara moja kwamba anaongea na mtu anayeijua kazi yake.

Mafuta nayo yahesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Siku ya kaskazini, pamoja na kuingia na kutoka mashambani, ni kama kilomita 150. Noah hata ikila lita moja kwa kilomita nane, hamfiki lita ishirini. Zidisha kwa bei ya petroli ya siku hiyo, utajua 200,000 yake ina nini ndani, na akikuambia mafuta ni juu yenu utajua anaongeza kiasi gani hasa. Hakuna safari ya siku moja Unguja inayomaliza tangi.

Mkishaelewana kwa sauti, andika. Tatizo lenu la mwaka juzi lilizaliwa pale mlipopatana kwa mdomo, na neno la mdomoni kila mtu anaondoka na lake. Mtumie ujumbe kama huu, ubadilishe unavyotaka:

"Kaka, assalamu alaykum. Kama tulivyozungumza, tunahitaji gari siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Tuko watano: watu wazima watatu na watoto wawili. Mama yetu ni mtu mzima sana na goti linamsumbua. Tunaanza saa mbili asubuhi tulipofikia Mji Mkongwe, tunarudi saa kumi na mbili jioni. Bei ni shilingi kadha kwa siku, ndani yake mafuta, maegesho na kazi yako. Viingilio na mwenyeji wa shambani tunalipa wenyewe, na chakula chako cha mchana ni juu yetu. Maduka hatuhitaji, tukiyahitaji tutakuomba. Tukizidisha muda, kila saa ni shilingi kadha. Tutakulipa kila siku jioni. Tafadhali jibu kama tumekubaliana, na utume picha ya gari lenyewe, namba yake ionekane."

Akijibu "nimekubali", una karatasi yako. Akijibu "usijali dada, tutaelewana", jali. Mwulize tena mpaka ajibu kila kitu.

Kuhusu malipo ya mbele: dereva kutaka kishikio si kosa, maana wateja wengi huagiza gari na wasitokee, na siku yake inakuwa imekufa. Lakini kishikio ni sehemu ya siku ya kwanza, nusu yake inatosha. Kabla hujathibitisha muamala, angalia jina linalotokea kwenye simu. Kama alijitambulisha kwa jina moja na hela inakwenda kwa mtu mwingine kabisa, simama kwanza uulize. Na hapo hapo mwulize kama gari lina kibali cha kubeba abiria wa kukodi na bima inayolingana na kazi hiyo. Bima ya gari la nyumbani inaweza isiwatambue ninyi kama mnalipa nauli, na siku ya ajali ndiyo siku ya kuligundua hilo.

Kuna swali moja nililowauliza madereva wapya wa Unguja kila mara, na lilinisaidia kuliko vyeti: "Siku hiyo maji yatakuwaje Jambiani?" Pwani ya mashariki maji yakikupwa yanakwenda mbali sana, unaona mchanga na matope mpaka macho yanachoka, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea analia. Kila siku maji huchelewa karibu saa moja kuliko jana yake, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa na kupwa zaidi, ndiyo bamvua. Dereva anayejali kazi atakujibu, au atasema "nipe dakika niangalie" na akupigie. Anayesema "bahari ipo tu" anakuendesha, hakutembezi. Kumbuka pia kwamba dereva si lazima awe mwongoza watalii. Waongozaji husajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar na wana vitambulisho vyao. Ninyi mnajua Kiswahili, hamhitaji mwongozaji siku nzima garini. Mtamchukua mwenyeji shambani, na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, mkitaka.

Siku ya kwanza ya gari iwe ya mama. Msiende mbali kwanza. Kizimbani na Kidichi ziko nje kidogo ya Mjini, na ndiko kwenye mashamba ya viungo. Fikeni asubuhi, kabla magari ya makundi hayajajaa. Mwandae mama mapema kwamba hatakuta msitu wa mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na mpaka leo karafuu nyingi hutoka Pemba. Kizimbani atakuta mikarafuu michache pamoja na mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga na vanila. Usimwahidi uchumaji pia. Mwulize dereva wiki moja kabla kama kuna shamba linalochuma. Lakini hata mti mmoja unamtosha mkulima. Ataona kwamba ile karafuu ya kwenye chai yake ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa likiwa bado limefumba, linatenganishwa na kikonyo chake, halafu linaanikwa juani kwenye majamvi mpaka liwe jeusi. Mtu aliyeanika kahawa kwenye vichanja miaka hamsini hatahitaji kutafsiriwa.

Mchana wa siku hiyo wapelekeni watoto Nungwi. Kule kaskazini maji hayakimbii kama mashariki, wanaweza kuogelea muda wowote, na mama anaweza kukaa kivulini akitazama mafundi wa majahazi. Mwambieni dereva kabisa saa ya kuondoka Nungwi. Hiyo ndiyo saa inayopotea kila mara.

Kesho yake pumzikeni Mjini. Jumapili ikiwaangukia huko, mama atapenda misa ya kanisa Katoliki la Minara Miwili, na Mkunazini, ambako sasa pana kanisa, mpeleke polepole. Vyumba vya chini vina ngazi na dari fupi, na kwa goti lake bora abaki juu kanisani wakati watoto wanashuka. Changuu kwenye kobe wakubwa waende watoto na mama yao mdogo, kwa sababu kupanda na kushuka boti ufukweni si mchezo kwa mguu mbovu.

Siku ya pili ya gari nendeni kusini. Jozani asubuhi, mkawaone kima punju, ambao asili yao ni Unguja, halafu mpite ile njia ya mbao juu ya mikoko. Ni tambarare, mama ataiweza. Bebeni vitambulisho vya NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje na bila kitambulisho mtabaki mkibishana getini. Kutoka hapo Jambiani, mkilenga saa ambayo maji yamekupwa. Ndiyo, yaliyokupwa. Hapo ndipo utawaona wanawake wanaolima mwani, vigingi na kamba zao zimepangwa baharini kama matuta shambani. Mama yako alisomesha watoto kwa jembe, nadhani hawa watamgusa kuliko mchanga mweupe. Kizimkazi iacheni. Boti zinawakimbiza pomboo kwa kelele, sijawahi kuipenda, na mwezi wa sita upepo wa kusi unapovuma bahari hutibuka. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye boti ya kutoka Dar mkae katikati, chini, na mama ale kitu chepesi.

Mkilazimika kuchukua gari Ijumaa, tengeni mchana kwa ajili ya swala. Dereva asiombe kama anaomba ruhusa kwa bwana shamba. Mwambie ninyi mapema, "Wakati wa swala sisi tutakuwa tunakula." Utaona siku nzima inavyobadilika.

Kuhusu kaka. Usimpelekee makosa ya dereva wake, maana atasikia makosa yake mwenyewe. Mpigie umwambie: "Kaka, kazi ya kumpata mtu umeifanya, ahsante. Naomba sasa uniachie kuelewana naye, kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa na mama garini." Kisha mwachie kazi ambayo ni yake kweli. Yeye awe ndiye anayempigia dereva jioni ile ya kwanza kuuliza mama yake amefikaje. Dereva akijua kuna mwanaume Dar anayesubiri habari za mama yake, anaendesha vingine. Na kama kijana atakataa siku mbili, au atakataa kulipwa kila jioni, basi mtafute mwingine kupitia mnapolala; kaka mwenyewe ataona kwa nini.

Sasa zile laki nne. Mama alipowaambia paa la jikoni linavuja, hakuwa anakataa safari. Alikuwa anawaonyesha njia ya kutoka ili msigombane kwa ajili yake. Mama zetu wa mgombani ndivyo walivyo. Kaeni watatu mkubaliane kwamba sehemu ya hela hiyo inunue mabati na misumari, na fundi apande kabla ya Juni. Mdogo wako alitaka mama apewe kitu mkononi, hicho hapo. Mama akiondoka Kibosho huku jikoni kwake hakuvuji, hatakaa garini akihesabu gharama zenu kilomita kwa kilomita.

Mambo madogo ya mwisho. Mama akae mbele pamoja na dereva. Goti litanyooka, na ataona njia. Chukueni kigoda chake cha jikoni mkiweke kwenye buti, awe anakikanyagia kupanda na kushuka. Na mwambie abebe kahawa yake kidogo, iliyokaangwa nyumbani. Mkifika Kizimbani, mpe mwenye shamba, halafu ninyi na watoto nendeni mkanywe madafu. Waacheni wakulima wawili waulizane habari za mvua, mbolea na bei. Wakikaa saa moja na nusu, wakae. Dereva atasubiri, siku hiyo mmeilipia.

Shangazi, Arusha